Mtumishi wa Miaka Mitatu na Nusu

Hivi nani alipitisha kwamba mtoto wa miaka mitatu na nusu awe na ratiba kali kuliko ya dereva wa daladala? Dereva angalau ana siku ya kupeleka gari gereji. Huyu wetu wa chekechea, saa 10:30 alfajiri keshatolewa kitandani, keshamwagiwa maji, keshavishwa tai, kaketi sebuleni kafumba macho kama mlinzi wa zamu ya usiku, anasubiri basi la shule. Basi lenyewe linamchukua Tabata, linampitisha Segerea, linazunguka Kinyerezi kukusanya watumishi wenzake, halafu linamrudisha Tabata. Maana shule iko Tabata. Angetambaa angefika mapema.

Tupige hesabu, maana siku hizi kila kitu cha mtoto tunakipima isipokuwa usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtumishi wako anaamshwa 10:30 alfajiri. Mchana, kama kituo kina magodoro na si madawati matupu, atalala saa moja na nusu. Ili azifikie hizo saa 10 za chini kabisa, saa 2:00 kamili usiku awe keshazama. Si awe anaoga. Awe anakoroma. Na saa 2:00 usiku majumbani kwetu ndiyo kwanza taarifa ya habari inaanza, baba anaongeza sauti, na ikiisha inaingia tamthilia ya Kituruki ambayo mtoto anawajua wahusika wote na nani kamsaliti nani. Asubuhi akilia tunasema huyu ana kiburi, kamrithi shangazi yake. Shangazi wa watu anasingiziwa bure.

Haya, kafika kituoni. Saa 4:00 inakuja posho, yaani uji wa lishe, na hapo ndipo mimi huishiwa nguvu kabisa. Biashara ya unga wa lishe imegeuka mashindano ya kuhesabu nafaka. Huyu anauza wa nafaka 7, jirani yake kafikisha 12, wa sokoni ana 18: mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, soya, karanga, ufuta, korosho, mbegu za maboga, na ukimbana sana anataja na mbaazi. Huo si unga, ni mkutano wa wadau. Na mtoto akitoka vipele baada ya kunywa, hujui umhoji mjumbe yupi kati ya 18.

Mtoto hahitaji kongamano. Chukua nafaka moja au mbili, tuseme ulezi na mahindi, sehemu tatu au nne, kwa sehemu moja ya jamii ya kunde. Imetosha. Soya ukiitaka, usiipeleke mashineni mbichi, kwa sababu ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Itumbukize kwenye maji yanayochemka, iendelee kuchemka humo dakika 20 hadi 30, ianike ikauke kau, ndipo isagwe. Asiyefanya hivyo ndiye yule ambaye watoto wake wakinywa uji matumbo yanaunguruma kama jenereta, halafu anasema ni minyoo.

Karanga nazo zina mafuta. Ukizisaga pamoja na unga wa miezi mitatu ukafungia kwenye ndoo, na joto la Dar unalijua, mafuta yanachacha, unga unaanza kunuka kama kopo la rangi lililosahaulika. Mtoto anakataa uji, anaitwa mkorofi, kumbe pua yake ndiyo inayofanya kazi ya mkaguzi wa ubora. Saga karanga kidogo kidogo, weka kwenye chupa yenye mfuniko, tia kijiko kimoja uji ukikaribia kuiva. Na zisagwe kweli: karanga nzima si ya mtoto wa chini ya miaka mitano, inampalia. Kabla ya yote, chambua. Punje iliyosinyaa, iliyovunjika, yenye ukungu wa kijani au weusi, tupa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, haiondoki kwa kuchemsha; mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na haikuja na harufu wala hodi. Usimtupie hata kuku, kwani na kuku ana ini.

Halafu wepesi wa uji wenyewe! Kuna vituo uji unatiririka kama chai, mtoto anakunywa vikombe viwili na saa moja baadaye anatafuna kola ya shati. Hayo ni maji ya moto yaliyowahi kukutana na unga. Tumbo lake dogo, likijaa maji limejaa. Ukiinamisha kijiko, uji ushuke kwa kusitasita, kama mtu anayeaga msibani. Ukiwa mzito mno kwa mdogo, usikimbilie maji. Uache upoe hadi uvumilike mdomoni, tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa, koroga, subiri dakika chache. Utalegea wenyewe bila kupoteza chakula kilichomo. Urudishe motoni uchemke tena kidogo, mpe. Ndiyo, ni kimea kilekile ambacho Wachaga wanakitia kwenye mbege. Hapana, mtoto halewi.

Baada ya posho, ofisi inafunguliwa. Penseli, daftari, andika.

Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nenda kachungulie ukute madam ana 40, mmoja analia, wawili wanang'atana, na mmoja kavua viatu vya wenzake wote kavipanga mstari kama muuza mitumba. Lakini mzazi akifika haulizi mpo wangapi humu. Anafungua daftari na kuuliza: "Mbona jeupe?" Sasa madam afanyeje? Anamshika mtoto mkono, anaandika yeye a a a a ukurasa mzima, kisha anachukua kalamu nyekundu na kujipigia vema. Mzazi anaondoka anatabasamu, kalipia ada mwandiko wa mtu mwenye cheti cha ualimu.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina vifupa vinane. Cha huyu mtumishi, vingi bado ni gegedu, havijawa mfupa. Na mistari ina foleni yake. Akiwa na miaka miwili anaweza kuiga mstari wa kusimama, kisha wa kulala. Karibu na miaka mitatu anafunga duara. Karibu na minne anaweka msalaba. Mraba unafuata baadaye, na pembetatu huja karibu na miaka mitano, kwa sababu mshazari ndio mgumu kuliko yote. Sasa wewe unamdai herufi k, yenye mishazari miwili inayokutana kwenye nguzo! Ndiyo maana anaikamata penseli kwa ngumi kama anatwanga kisamvu, anatoboa karatasi, mkono unauma, anaichukia kalamu kabla hata hajafika darasa la kwanza.

Mkono wa kuandika unatengenezwa kwingine kabisa. Vibanio vya nguo: avibane na kuvibandua kwenye ukingo wa ndoo. Sponji: alikamue kutoka beseni hili kwenda lile. Rangi za nta: zivunje zibaki vipande vya sentimita 3 hivi, kwani kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinalazimika kufanya kazi. Udongo wa kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, na maji kikombe kimoja yamwagwe kidogo kidogo huku unakanda. Ukinata mikononi, ongeza unga. Ukipasuka, umebania maji. Chumvi ni nyingi, akionja atatema mwenyewe, ila usimwache akaufanya chapati. Kuchambua maharage na mchele kwenye ungo nako ni dawa, lakini si kwa wa chini ya miaka mitatu, na hata kwa mkubwa hesabu maharage kabla na baada. Pua ya mtoto ni kabati.

Ukimfundisha mzazi haya, anakujibu: "Ada yote hiyo nilipe aje kucheza matope?" Eeh, ndiyo hiyo ada.

Badala yake tunaletewa homuweki. Andika 1 mpaka 50. Saa 1:30 usiku mtoto kalala juu ya daftari, mama anaandika, baba anamsahihisha kwamba mwandiko umenyooka mno, andika kwa mkono wa kushoto ufanane na wake. Kesho yake wote watatu wanapewa nyota.

Na hapa si kwamba nchi imekosa maelekezo. Kuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021, jina lake tu ukilitamka lote basi la shule limeshapita. Imepanga mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Nimetafuta tai humo, sijaiona. Malezi yenye mwitikio maana yake mtoto akikuuliza kwa nini kuku hana meno, unamjibu, na wewe unamuuliza lako. Haina gharama hata ya bando. Ila kutoka saa 10:30 alfajiri mpaka jioni, maneno anayoyasikia ni vaa, kaa, nyamaza, kunywa, andika, haya shuka.

Mambo ya sare ndiyo usiniulize. Suruali ya zipu, kifungo cha chuma na mkanda wa matundu, kwa mtu ambaye tangu ahisi mkojo hadi uanze kushuka ana muda mfupi kuliko tangazo la redio! Apite madawati, aombe ruhusa, avuke uwanja, kisha aanze kufungua kufuli tatu. Analowa. Anachekwa. Kesho anabana hadi tumbo linauma. Suruali ya lastiki kiunoni, ishonwe kwa kitambaa kilekile cha sare, anaishusha kwa kidole kimoja, na begi linabaki na nguo moja ya akiba badala ya tatu.

Lakini lastiki haipendezi kwenye picha. Na Novemba inakuja, mahafali ya kumaliza chekechea, turubai limefungwa, keki ya ghorofa mbili, mgeni rasmi anahutubia dakika 45 kuhusu changamoto za sayansi na teknolojia. Mbele wamepangwa wahitimu, kofia zimewafunika macho, majoho yanaburuza chini. Wa tatu kutoka kushoto anatikisa miguu, anamwangalia madam, anainua kidole juu. Watu wanapiga makofi, wanadhani anataka kuuliza swali. Na zipu ya joho iko mgongoni.