Mfumo wa mishahara hauhitaji ukoo wa klasi

Madevelopa wenzangu tunaotengeneza mifumo ya biashara, hili suala la objekti, yani data na kazi zake kufungwa pamoja kwenye programu, naona tumelibeba kupita kiasi. Mtu akipewa kazi ya mfumo wa mishahara kitu cha kwanza anachora klasi, yani violezo vya kuundia objekti, Mfanyakazi juu, chini yake WaKudumu, WaMkataba, Kibarua, kila moja inarithi kazi za iliyo juu yake alafu inabadilisha kidogo, na mchoro ukiisha unapendeza kweli. Mi nasema hapo ndo tunapoanza kujitafutia taabu.

Hebu angalia kazi yenyewe. Mtu wa Tanzania Bara mshahara wake 800,000, unatoa mchango wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ambayo ni 80,000, inabaki 720,000, hiyo ndo unaipigia kodi ya mshahara, PAYE, kwa madaraja yake inatoka 60,000, mkononi anapata 660,000. Ni hatua baada ya hatua. Mhasibu akiuliza hii elfu sitini imetoka wapi unamfungulia funksheni moja, yani kipande kimoja cha programu, mnaifuata wote kuanzia juu mpaka chini, lakini ukishaitawanya hesabu hiyo hiyo kwenye klasi tano hata wewe uliyeandika utahangaika faili hadi faili, sembuse atakayekuja baada yako.

Na je kibarua akiajiriwa rasmi tarehe 15? Ofisini ni jambo la kawaida, anapewa barua basi. Kwenye lugha ya programu ya Java, objekti ikishaumbwa Kibarua haigeuki WaKudumu, inabidi uunde nyingine, uhamishe historia yake yote, na mwezi ule malipo yana nusu huku nusu kule. Ungekuwa na jedwali la ajira lenye aina, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ungefunga mstari wa zamani ukaongeza mpya, kazi imeisha.

Tukumbuke pia haya mambo yalikotoka. Simula, lugha ya kwanza ya objekti, ya Dahl na Nygaard kule Oslo, miaka ya 1960, ilitengenezwa kwa ajili ya kuigiza mifumo, yani vitu vingi vinavyotembea na kugusana kwa wakati mmoja, na huko objekti zinakaa vizuri sana. Lugha ya COBOL ilianza kubuniwa 1959 kwa ajili ya biashara hasa, rekodi na hatua, na mpaka leo kuna mabenki inawaendeshea hesabu.

Sisemi objekti hazina kazi. Salio la akaunti mi nalifungia ndani ya objekti bila kujadiliana na mtu, mlango wa kuweka na mlango wa kutoa, basi, na ukitaka kutoa zaidi ya kilichopo inakataa. Ukiliacha wazi kila funksheni inaandika inavyotaka, siku likisoma hasi hujui uanzie wapi kutafuta, na nimeona mifumo ya hivyo, funksheni moja ndefu kama barabara ya Dodoma na vigezo vya wote, ambavyo sehemu yoyote ya programu inaweza kuvibadilisha, kila mahali, inatisha. Kwa hiyo kulinda data ndiyo, nakubali kabisa, ila huo ukoo wa kurithishana ndo siutaki kwenye hesabu za watu.

Na kama kazini ni Java tu usiogope, weka hesabu kwenye metodi za static, yani funksheni zisizohitaji objekti, zinazopokea namba na kurudisha jibu, alafu zijaribu kwa kuzilisha mishahara ya mwezi uliopita ambayo mhasibu alishaipitisha, shilingi kwa shilingi.