Yai, Chumvi na Bamvua: Mwanafunzi Aachwe Agundue Lini?

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Jerome Bruner alitetea ujifunzaji wa kugundua: anachokivumbua mtoto mwenyewe hukaa. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walipinga. Asiyelijua somo, walisema, hulemewa akiachwa bila mwongozo, kwa kuwa kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika tunachokifikiria sasa hivi, hushika mambo machache tu kwa pamoja. Mtaala wa umilisi wa Kenya unataka mwanafunzi atende na achunguze, na mwalimu wa Lamu lazima aamue amwachie kiasi gani.

Chukua somo la kuelea na kuzama. Maji ya bahari yapo hapo hapo, na ni rahisi kudhani yatalielesha yai. Hayalieleshi. Yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, ilhali yai bichi jipya huhitaji kama 120. Yai la zamani nalo, nafasi yake ya hewa ikishapanuka, laweza kuelea hata kwenye maji ya kisima. Kundi lililoachwa peke yake litahitimisha kuwa chumvi haina kazi, na si kwa uzembe: linapima chumvi, umri wa yai, uzito na ujazo kwa mara moja. Hapa Sweller ana haki kabisa. Mwalimu aonyeshe mwenyewe: nusu lita ya maji ya bahari, yai jipya, chumvi laini gramu 10 kila mara, akikoroga mpaka iyeyuke. Yai litapanda kwenye gramu 45 hivi zilizoongezwa, likiwa jipya sana zaidi kidogo. Kabla ya kila nyongeza wanafunzi waandike wanachobashiri. Hatua hii isirukwe hata muda ukibana, maana anayeamini kuwa kila kizito huzama, asipoiona imani yake ikishindwa, atakariri densiti (uzito wa kitu kwa ujazo wake) kwa mtihani na kubaki na imani ile ile.

Kwenye kupwa na kujaa hali hugeuka. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na kwamba maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku. Kumwongoza hatua kwa hatua anayejua tayari humkwamisha; Sweller mwenyewe, akiwa na Kalyuga na wenzao, aliandika hivyo mwaka 2003. Apewe nyakati za maji za wiki mbili na tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, atafute uhusiano. Lakini kwamba bamvua hutokea Jua, Dunia na Mwezi vikikaa mstari mmoja, hilo hataligundua ufukweni. Aambiwe.

Na mwenzake aliyekulia Mpeketoni, ndani ya bara, atahitaji jedwali la nyakati hizo lililokwisha kujazwa nusu. Maswali matatu mafupi kabla ya somo yatamwonyesha mwalimu nani apewe lipi.