MOT Ikiisha, Bima Haifi

Miongoni mwa Waswahili tunaoishi Uingereza imeota mizizi imani kwamba siku cheti cha ukaguzi wa gari, yaani MOT, kinapoisha muda wake, bima nayo hufa siku hiyo hiyo. Husikika msikitini, kazini na kwenye magrupu ya WhatsApp, na anayeisema huwa na uhakika kamili. Naiona kuwa ni imani potofu na yenye hasara, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamini kwamba hana haki huona haya hata kudai kilicho chake.

Sheria ya barabarani ya mwaka 1988 imeuweka kila wajibu mahali pake: kifungu cha 47 kinakataza kutumia gari bila cheti cha ukaguzi, na kifungu cha 143 kinakataza kulitumia bila bima. Adhabu zake hazilingani hata kidogo. Kwa kukosa MOT faini haizidi pauni 1,000 na leseni haiguswi. Kwa kukosa bima, hata ukimalizana na polisi bila kufika mahakamani, utalipa pauni 300 na kubebeshwa pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Lau kosa la kwanza lingezaa la pili moja kwa moja, kila anayekamatwa hana MOT angeshtakiwa kwa yote mawili, na sivyo mambo yanavyokwenda. Isitoshe, sheria inakuruhusu kuliendesha gari lisilo na MOT kulipeleka kwenye ukaguzi uliokwisha kuwekewa miadi, na ruhusa hiyo isingekuwa na maana yoyote kama bima ingekuwa imekwisha kufa njiani. Tena, tangu 2011 mwenye gari analazimika kulikatia bima hata likiwa limelala tu, isipokuwa ameiarifu DVLA, wakala wa serikali wa leseni na usajili wa magari, kwamba ameliondoa barabarani.

Kwa upande wa bima ndogo, yaani ile inayowafidia wengine unaowagonga, kifungu cha 148 cha sheria hiyo ya 1988 kinamlinda aliyegongwa: kampuni haiwezi kumkatalia fidia kwa hoja kwamba gari lililomgonga lilikuwa bovu. Wengi huishia kusoma hapo wakafurahi. Kifungu hicho hicho kinaipa kampuni haki ya kumgeukia mteja wake na kumdai fedha ilizolazimika kulipa kwa sababu hiyo, na kwa ajali iliyoumiza watu, deni hilo linaweza kumfilisi mtu.

Ugomvi wenyewe hasa uko kwenye bima kubwa, ile inayolipia pia gari lako mwenyewe. Tuseme gari limeibwa usiku likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba, na MOT yake iliisha wiki mbili kabla. Mkataba una sharti kwamba gari liwe na MOT halali. Je, kampuni ikatae kulipa? Kwa maoni yangu, hapana, na sheria ya bima ya mwaka 2015 inaniunga mkono: kifungu chake cha 11 kinaizuia kampuni kujificha nyuma ya sharti la aina hiyo iwapo mteja ataonyesha kwamba kulivunja kusingeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea, katika mazingira iliyotokea. Mwizi haulizi breki zilikaguliwa lini. Ukikataliwa katika hali kama hiyo, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha upeleke shauri kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua malalamiko dhidi ya kampuni za fedha na bima, ambako mteja halipi chochote.

Lakini gari hilo hilo likiserereka kwenye lami yenye maji huku kashata za tairi zikiwa chini ya milimita 1.6, sina utetezi wa kukupa. Historia ya MOT iko wazi kwenye tovuti ya serikali kwa yeyote mwenye namba ya gari, pamoja na maonyo ya mkaguzi. Kama mwaka jana aliandika kwamba tairi za mbele zimekaribia kwisha, mtathmini wa kampuni atayasoma maneno hayo kabla hajakupigia simu.

Liko pia suala la thamani. Gari lisilo na MOT huuzwa kwa bei ya chini, kwa hiyo kampuni hupunguza malipo. Kupunguza gharama ya matengenezo yanayojulikana ni haki. Ada ya ukaguzi wenyewe haizidi pauni 54.85, na kwa gari lililokuwa zima sioni kwa nini mteja akatwe mamia ya pauni kwa sababu ya karatasi iliyochelewa wiki mbili.

Jambo ambalo halina wa kulitetea ni uongo. Fomu ya maombi ikiuliza kama gari lina MOT halali na ukajibu ndiyo ilhali unajua halina, suala linahama kabisa na kuingia kwenye sheria ya mwaka 2012 kuhusu taarifa anazotoa mteja. Jibu la uongo la makusudi linaipa kampuni haki ya kuubatilisha mkataba mzima, ikayakataa madai yote na mara nyingi ikabaki na ada uliyokwisha kulipa.