Mgeni Hasa ni Yule Anayelala

Kati ya watu wenye lugha za jamii ya Kituruki, Waazeri na Wakazakhi humwita mgeni qonaq, Wakirgizi konok, Watatari kunak, na huko Uturuki ni konuk. Wengi wanaoliandikia neno hili hukimbilia kusifu ukarimu wa watu wa nyika za Asia ya Kati. Sibishi, ila naona sifa hizo zimekuja baadaye. Mzizi wake ni qon-, kitenzi cha kutua: ndege akitua tawini, msafara ukishusha mizigo, mtu akilala mahali hadi asubuhi. Mgeni, kwa asili, ni aliyetua akalala. Mahmud wa Kashgar alishaliandika, kwa umbo la qonuq, katika kamusi yake ya karne ya 11.

Anayetaka ushahidi zaidi aende Siberia. Kwa Wayakuti, ambao lugha yao ni ya jamii hiyohiyo, khonuk ni kipimo cha muda, usiku mmoja na mchana wake. Ukarimu haumo kabisa, umebaki usiku tu.

Na usiku wa nyikani wakati wa baridi huua. Ndiyo maana Wakazakhi wana qudayı qonaq, mgeni wa Mungu, anayebisha bila taarifa, na wana qonaqası, chakula anachostahili kuandaliwa. Hapo mwenyeji hafanyi hisani, analipa deni, kwa kuwa kesho atakayekutwa na theluji njiani huenda akawa yeye.

Kwenye milima ya Kaukazi neno lilipanda cheo. Kunak, ambalo Warusi nao walilichukua, ni rafiki wa kiapo, mtu unayewajibika kumlinda akiwa kwako.

Kinachonichekesha ni Uturuki. Huko nyumbani watu wamezoea misafir, neno la Kiarabu lenye mzizi uleule wa msafiri na safari zetu. Baada ya chama cha lugha ya Kituruki kuundwa mwaka 1932, maneno ya Kiarabu yalipigwa vita na konuk likasukumwa mbele. Likashinda nusu: timu inayocheza ugenini ni konuk, msanii mwalikwa ni konuk, lakini jirani aliyekuja kunywa chai bado ni misafir. Na mimi nawaunga mkono hao wenye chai. Jirani huyo hatalala kwako, atarudi kwake kabla ya usiku, kwa hiyo hata kwa kufuata mzizi wa Kituruki wenyewe, konuk halimfai.