Fundi, gonga jina lako kwenye chuma

Jumanne iliyopita kijana wangu wa gereji alishonwa nyuzi nne kwenye kiganja. Tulikuwa tunafungua nati za yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi, tela limetoka Tunduma, nati zimeshikana kwa kutu na vumbi la miaka. Alikuwa na spana ya 32 niliyoinunua Kariakoo wiki mbili nyuma. Spana inang'aa, na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni chuma cha kromu na vanadiamu. Alipojitupa na uzito wake wote mdomo wa spana ukafunguka, ikaruka, na mkono ukaenda kuishia kwenye ukingo wa springi. Nati yenyewe haikutikisika.

Nikairudisha dukani, si kwa sababu ya hela, nilitaka mtu aitazame. Muuzaji akaigeuzageuza, akasema, "Kaka, nilikwambia ogino ipo, ila uongeze hela." Nikamuuliza kama ana spana au nyundo yoyote iliyotengenezwa hapa nchini. Akacheka kabisa. "Ya hapa? Kaka, Mbongo na chuma wapi na wapi!"

Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Kwanza si kweli. Wahaya walikuwa wanayeyusha chuma cha pua magharibi mwa Ziwa Victoria zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa tanuri ambalo hewa yake ilipashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Wazee wao walilijenga upya tanuri hilo miaka ya 1970 mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Ufipa nako malungu yao, yale matanuri marefu ya udongo, yamebaki kushuhudia. Lakini sihitaji kwenda mbali hivyo. Naweza kufungua sanduku langu la vifaa.

Mle ndani nina tindo yenye miaka 11. Alinitengenezea mzee mmoja, mhunzi wa Gerezani, kutoka kwenye bapa la springi ya lori. Nilikaa kwenye kigoda chake siku mbili nikimtazama, maana gereji haikuwa na kazi. Alilikata bapa likiwa jekundu, akalifua hadi likawa na pembe za kushikika vizuri mkononi, akatoa ncha. Halafu hakuichovya. Aliifukia kwenye majivu ipoe yenyewe hadi kesho yake. Asubuhi akaitia moto upande wa ncha tu. Alikuwa na kipande cha sumaku kutoka kwenye spika mbovu, kimening'inia kwenye waya. Kila mara aliisogeza tindo pale, na sumaku ilipoacha kuivuta, akaipa moto kidogo zaidi, kisha akaizamisha kwenye oili chafu ya injini. Nilimuuliza kwa nini asitumie maji yaliyokuwa pembeni. "Springi ukiipa maji inapasuka, mwanangu. Tena inapasuka kwa ndani, huioni."

Kisha akaing'arisha ncha kwa msasa na kuipasha tena taratibu, safari hii akianzia nyuma. Rangi zikaanza kutembea juu ya chuma kuelekea kwenye ncha: manjano ya nyasi kavu, kahawia, halafu zambarau. Ilipofika zambarau, akairudisha kwenye oili. Angeikatisha kwenye manjano, ingemegeka na kipande kikamwingia mtu jichoni. Angechelewa, ingekuwa laini kama msumari. Kichwa chake alikiacha bila kukigusa kwa makusudi, kwa sababu kichwa kigumu kikipigwa na nyundo hurusha vipande.

Tindo hiyo imekata vichwa vya bolti nisivyoweza kuvihesabu. Nimeinoa mara nyingi hadi imefupika kwa vidole viwili. Basi huyo ndiye Mbongo na chuma.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisiposema nitakuwa mwongo. Mwaka uleule nilinunua spana ya nati za tairi kwa kijana aliyekuwa amepanga vyuma pembeni mwa barabara. Ilikuwa nondo iliyochomelewa soketi kuukuu. Kitabu cha lori kinataka nati ya tairi ikazwe kwa nyutonimita 600 hivi, ambayo kwa lugha yetu ya gereji ni mtu wa kilo 60 kusimama kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Na hiyo ni kukaza tu. Kufungua nati iliyoshuka na kupanda mlima Kitonga mwaka mzima ni habari nyingine, hapo tunachomeka bomba na wanaume wawili wananing'inia. Nondo ile ilipinda siku ya kwanza kama mua.

Haikuwa na namna nyingine. Springi ina kaboni, ile inayofanya chuma kishike ugumu kikichovywa, karibu asilimia 0.6, nondo ya kujengea ina kama nusu ya hapo au pungufu. Uichovye utakavyo, ugumu haushiki. Na kinachoniuma ni kwamba springi zetu zilizokatika tunazipimisha kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, zinakwenda kuyeyushwa pamoja na mabati na fremu za vitanda, zinarudi zikiwa nondo. Chuma kizuri kuliko chote kinachoingia gereji kwangu kinaishia ndani ya zege.

Lakini turudi kwenye ile spana iliyopinda. Nilitaka kuirudisha kwa aliyeitengeneza. Sikumpata. Kijana wa barabarani aliinunua kwa mtu, na mtu huyo naye hakuwa na uhakika. Ndipo nilipoitoa tindo yangu nikaitazama upande na upande, nikagundua kwamba hata yenyewe haina alama yoyote. Ukiviweka mezani vitu hivyo viwili, cha fundi aliyesubiri usiku kucha majivu yapoe na cha fundi aliyechomelea kwa dakika kumi, mnunuzi hana njia ya kuvitofautisha. Vyote vyeusi, na vyote "vya hapa." Basi atafanya ambalo hata mimi ningefanya, atanunua cha bei ndogo. Kikipinda, hatamlaani fundi fulani, maana hamjui. Atailaani Tanzania nzima, kama yule muuzaji wa Kariakoo.

Hapo ndipo tulipokwama, na nalisema hili kwa uchungu. Hatujakosa mkono wala chuma. Tumekosa jina. Spana za Ujerumani alizoniachia baba yangu, aliyefanya kazi karakana ya reli, ninazitumia mpaka leo, na nikizikosa nazitafuta kwa jina. Mama alipokuwa ananituma jembe dukani, kule Kilosa, hakusema "lete jembe." Alisema "lete la UFI," na mwenye duka alijua ni lile la kiwanda cha Ubungo, na asingethubutu kumpa jingine. Jina lilikuwa linamlinda mama ambaye hakujua lolote kuhusu kaboni. Siku hizi ukitaja UFI kwa vijana wangu wanadhani ni kituo cha daladala.

Na sisi wenye gereji tuna hatia kubwa. Mhunzi akisema tindo ni Sh 15,000 tunamwambia ya Kariakoo ni 6,000. Anapunguza. Anapopunguza, anapunguza pia mkaa, anapunguza kusubiri, mwishowe anaacha springi na kuchukua nondo. Kisha tunarudi kumwambia kazi yake mbovu. Mimi nimefanya hivyo, na ninajuta.

Najua mtaniambia vya China si vibaya vyote. Ni kweli, kiwanda kinatengeneza alichoagiza mwenye kontena, na mwenye kontena wetu anaagiza cha bei ya chini kabisa. Nakubali pia kwamba soketi ndogo na racheti bado hatuziwezi, sijaona ya hapa iliyonishawishi, na sitamwambia mtu anunue kwa uzalendo kitu kitakachomkata mkono. Lakini kazi nzito haiishi kwenye racheti. Inataka nyundo ya kilo nne, tindo, mtaimbo, puli, spana nene ya ringi ya kugongwa na nyundo. Ni vitu vinene, havihitaji kung'arishwa kwa kromu, vinahitaji chuma sahihi na moto sahihi. Wala tusisubiri chuma cha Liganga, kule Ludewa, kichimbwe. Chuma cha kuanzia kimelala nyuma ya kila gereji kuanzia Tabata hadi Mbagala.

Jalandhar na Ludhiana kule India zimejaa karakana ndogo ndogo, na spana zao ziko duniani kote. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, TBS, shirika la viwango, tangu 1975, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, inafundisha vijana uchomeleaji na ufundi wa magari kila mwaka. Nasubiri kuona ni nani kati yao atakayekwenda kumkalisha yule mzee wa Gerezani mbele ya darasa na sumaku yake ya spika. Ana miaka sabini na kitu. Hana mwanafunzi.

Jumamosi nilimfuata. Nilimpelekea seti ya mihuri ya herufi, ile ya chuma ya kugonga kwa nyundo, nikamwomba agonge jina lake kwenye kila kitu atakachonitengenezea. Akaishika herufi moja moja, akazirudisha kwenye kisanduku. "Mwanangu, nikigonga jina, ikivunjika watakuja hapa kwangu."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mzee. Waje."

Alinyamaza muda mrefu, akichochea mkaa. Kisha akasema itabidi igongwe kabla ya kuchovya, chuma kikiwa bado laini, la sivyo mihuri itakufa. Na kama jina lake litakuwepo, hatatumia springi yenye ufa hata mdogo, kwa hiyo bei itapanda Sh 4,000 kwa kila kimoja, na hapunguzi.

Nimelipa yote mkononi: tindo mbili, nyundo moja, na spana ya ringi ya 32 unene wa dole gumba. Nazifuata Alhamisi.