Kisamvu: umeruka kinu

Ndugu mwandishi, unasema kisamvu "kikichemshwa vizuri hakina shida". Umeruka kinu. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali inayozalisha sumu ya sianidi, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) cha kuivunja kimetengwa nayo ndani ya jani hilohilo. Vikikutana ndipo sianidi inatoka na kuruka hewani. Ukitumbukiza majani mazima kwenye maji yanayochemka, joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Linamarini inabaki, nyingine kwenye jani, nyingine kwenye mchuzi.

Kwa hiyo twanga kwanza, dakika kumi hivi, hadi kilainike kabisa. Kitandaze kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha kioshe mara tatu na maji hayo uyamwage. Ndipo ubandike, sufuria wazi mwanzoni, maana gesi hiyo ya sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi tu. Kile cha kusagwa sokoni si kibaya, ila kikiwa na vipande vipande rudisha kinuni. Na yale majani machanga mnayogombania ndiyo kwa kawaida yenye sianidi nyingi kuliko yaliyokomaa. Kisamvu cha mpira, cha ule muhogo wa mti, nacho ni hivyohivyo, kisiachwe nyuma.

Magadi sishauri. Yakizidi, sianidi inang'ang'ania kwenye maji badala ya kuruka, na vitamini C inaangamia.

Mdau hapo juu analalamika kwamba kikioshwa kinapoteza ladha. Kweli, kidogo. Tui zito na karanga za kusaga vitie mwishoni, utakila tu.