Mzee Alisema "Haya"

Mimi ni mtu wa Lushoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mwaka 2014 nilikuwa na wiki tano tu Kuala Lumpur, mwanafunzi mgeni, bado nageuza ringgit kuwa shilingi kila nikinunua maji. Joto la mji ule halina adabu. Unaoga, unajifuta, taulo halijakauka umeshalowa upya. Kwa hiyo Watanzania watatu, mimi, jamaa wa Bukoba na jamaa wa Temeke, tukachanga nauli tukapanda basi kwenda Cameron Highlands, pamoja na Mmalaysia mmoja tuliyesoma naye ambaye ndiye alikuwa mkalimani wetu.

Cameron ni Lushoto iliyohamia Asia. Mji wa Tanah Rata uko juu mita 1,400 na kitu, chai imefunika vilima, kabichi zimejaa mabondeni, ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Niliposhuka kwenye basi nikavuta pumzi, nikawaambia wenzangu, "Hapa mko kwetu. Chochote mkitaka kujua kuhusu msitu, niulizeni."

Waliuliza. Temeke aliuliza nyoka. Si bila sababu: dereva aliyetupandisha alikuwa ametusimulia habari za Jim Thompson, yule Mmarekani tajiri wa hariri ya Thailand, aliyetoka kutembea kidogo hapo hapo Cameron tarehe 26 Machi 1967 na hajaonekana mpaka leo, licha ya kutafutwa na askari, polisi na wenyeji. Temeke alikuwa hajafunga mdomo tangu hapo.

Nikampa somo. Nilikulia kwa bibi, na bibi alikuwa na kanuni fupi: nyoka mweusi kimbia, nyoka mnene mwenye mabaka usimkanyage, nyoka wa kijani mwembamba huyo ni ukukwi, muache apite zake, hana neno. Nilivyoisema ile kanuni mlimani Cameron ungedhani nimeisomea miaka minne.

Tulichukua mzee mmoja atuongoze, Msemai, watu ambao msitu ule ni wao kabla ya chai na kabla ya Mwingereza. Kiingereza hakuwa nacho. Mimi sikuona tatizo, maana katika wiki zile tano nilikuwa nimegundua kuwa Kimalay na Kiswahili vilichota kisima kimoja. Habari wao wanasema khabar. Sabuni, sabun. Dunia ni dunia ile ile. Nikajitunuku shahada ya lugha.

Msitu wa juu kule umevaa kuvumwani kila mahali, miti mifupi imejipinda, huwezi kujua tawi limeishia wapi na mzizi umeanzia wapi. Mkalimani wetu alibaki nyuma akipiga picha ile mimea yenye vibuyu vinavyonasa wadudu. Mzee mbele, mimi nyuma yake, Bukoba, halafu Temeke ambaye alikuwa ameomba akae katikati lakini hakuna aliyemsikiliza.

Mzee akasimama ghafla. Akanyoosha fimbo kwenye tawi lililokuwa usawa wa uso wangu.

Kwa muda sikuona kitu. Majani tu. Kisha jani moja likawa na jicho.

Alikuwa mzuri, sitamsingizia. Kijani cha mgomba uliotoka kunyeshewa, amejizungusha kwenye tawi mara mbili, mkia umeshika kama mkono wa kondakta kwenye daladala. Matone ya maji yamemkaa mgongoni na hayajitikisi kwa sababu na yeye hajitikisi. Shingo nyembamba, kichwa cha pembetatu, kipana kama pasi. Halafu kati ya jicho na pua palikuwa na tundu jingine, kama vile aliumbiwa pua nne.

Mtu mwenye akili angeanza kujiuliza kuhusu kile kichwa. Mimi niliona rangi. Nikawageukia wenzangu, "Si nilisema? Ukukwi huyu."

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Ular kapak. Bahaya."

"Anasemaje?" akauliza Temeke.

"Anasema haya," nikajibu. "Yaani tuendelee."

Nikasogea. Mzee akapandisha sauti, "Bahaya! Bahaya!"

"Haya, haya," nikamwitikia kwa heshima zote, nikasogea tena, kidole mbele, nikitaka kuwaonyesha kwamba ukukwi unaweza hata kumgusa. Nyuma yangu Bukoba akasikika analalamika, "Huyu mzee nani kamwambia mimi Mhaya?"

Bahaya, nilikuja kuelezwa jioni, ni hatari.

Na yale matundu ya ziada usoni hayakuwa pua. Ni viungo vinavyohisi joto. Nyoka wa kundi lile hata kwenye giza totoro anajua panya yuko wapi kwa joto la mwili wake tu. Afrika nzima haina hata mmoja wa kundi hilo, ndiyo maana kanuni ya bibi haikuwa na kipengele chake. Huko Cameron wana wao wa kijani aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004, Trimeresurus nebularis, yaani wa mawingu. Mchana kutwa anakaa kimya tawini, haombi mtu kitu. Sasa mfikirie yuko kwenye baridi yake, mara linakuja joto kubwa kuliko panya wote aliowahi kuwala, limenyoosha kidole.

Shingo ikakunjika taratibu. Nikasema, "Ona anavyo—"

Sikumaliza. Kichwa kilitoka kikarudi kabla sijaelewa kama kimetoka. Bukoba akanivuta begi kwa nyuma, miguu ikateleza kwenye tope, nikatoka nje ya njia nikaingia kichakani kwa makalio. Na hapo hapo nikasikia kitu kimenichoma kwenye shavu la mguu, moto, moto kweli kweli.

"Kanigonga!" nikapiga kelele. "Jamani kanigonga!"

Nyoka alikuwa bado juu ya tawi lake. Lakini nani wa kufanya hesabu za umbali wakati ule?

Bukoba ni mtu wa vitendo. Akavua mkanda wake, akanifunga chini ya goti mpaka mguu ukaanza kubadilika rangi, kisha wakanibeba. Tatizo suruali yake ilitegemea mkanda ule. Kwa hiyo tuliteremka mlima hivi: mzee mbele anafyeka njia, Temeke kanishika kwapa anasoma Ayatul Kursiyu, Bukoba kanishika upande wa pili kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono mwingine, na kila akiteleza ilimbidi achague. Mara mbili alinichagua mimi. Namshukuru, ingawa kuna kundi la akina mama watalii waliokuwa wanapanda ambao sidhani kama walifurahi.

Ndani ya gari nikaanza wosia. Kompyuta apewe mdogo wangu. Ada iliyobaki wajaribu kuidai chuoni. Sauti ilikuwa inanitetemeka.

"Na ile hamsini yangu?" akauliza Temeke.

"Hamsini ipi?"

"Ringgit hamsini. Ya wiki ya kwanza."

Nikafumba macho nijifanye sumu imepanda.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa binti mdogo, mpole, mpaka alipouona ule mkanda. Aliulegeza mwenyewe huku anatusema: sumu ya nyoka hawa inaharibu damu na nyama, ukiibana sehemu moja umeipa kazi ya kukuozesha mguu. Bukoba akapokea mkanda wake bila neno, akauvaa pale pale.

Kisha wakanitoa damu, wakaitia kwenye kichupa safi cha kioo, wakakisimamisha mezani. Dakika ishirini bila kukigusa. Wakikiinamisha na damu imeganda, salama. Ikichuruzika kama maji, basi sumu imeshaingia kazini. Sijawahi kuangalia kitu kwa makini namna ile, hata penalti za Simba na Yanga. Temeke alikuwa anatangaza dakika. Ilipofika ya kumi na nne nikamwambia hamsini yake atapata, anyamaze tu.

Daktari akaja, akakiinamisha. Damu imeganda kama jeli. Temeke akarusha ngumi hewani.

"Sasa nione hilo jeraha," daktari akasema, akavuta taa. Akaangalia sana. Akamwita nesi, naye akaangalia. "Umesema nyoka mmoja?"

"Mmoja."

"Hapa kuna matundu saba. Yamepangana mstari."

Akachukua kibanio, akachomoa cha kwanza, akakiweka kwenye sahani ya chuma. Kikalia ting. Mwiba mweusi wa inchi moja. Ting ya pili. Alipofika ya tano nesi alikuwa ametoka nje, na vicheko tulivisikia wote. "Rotan," daktari akasema.

Rotan ni henzerani, ile ya bakora. Ikiwa porini ina miiba kama sindano za magunia. Wanaifyeka, wanaikwangua, wanaisafirisha. Ustadhi wangu wa madrasa kule Lushoto alikuwa nayo moja, tena akiisifu kwamba imetoka mbali. Nilikuwa nimesafiri baharini kote kwenda kuitafuta ilipozaliwa.

Dawa ya sumu sikupewa, maana mwiba hauna dawa ya sumu. Nilipewa sindano ya pepopunda na karatasi ya kusaini.

Usiku nikampigia bibi. Nilimsimulia yote isipokuwa suruali.

Akanyamaza kidogo. "Huyo nyoka alikuwa rangi gani, mwanangu?"

"Kijani, bibi."

"Aa," akasema. "Si ndiye ukukwi huyo?"